Mtoto Hutangulia Kuwa Mwenyeji

Ukitaka kujua kama mgeni amekuja Kilosa kufanya kazi au kuishi, usiulize mkataba wake ni wa miaka mingapi. Angalia mtoto wake anasoma wapi na anacheza na nani. Mhandisi, mmisionari, mtafiti wa wanyamapori au meneja wa shamba anaweza kukaa Mikumi miaka kumi akijua njia ya ofisini na ya uwanja wa ndege tu. Lakini akiwa na mtoto wa miaka mitano anayeruhusiwa kutoka nje ya geti, haitapita miezi mingi mtaa mzima utakuwa unamfahamu, apende asipende. Jina lake la pasipoti litawekwa kando, aitwe Baba Fulani au Mama Fulani, na huyo Fulani ndiye atakayekuwa na marafiki kabla ya wazazi wake. Katika ukanda huu jamii humpokea mtoto kwanza, kisha mzazi kwa kupitia mtoto. Sheria za nchi zimepangwa kinyume chake, na matokeo yake mzazi wa kigeni, hasa baba, anaweza kuwa mtu wa nyumbani kwa majirani huku serikali ikiendelea kumhesabu mpita njia.

Wilaya hii ya Kilosa, ambayo Mikumi ni sehemu yake, imezoea wageni kuliko nyingi za bara. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro 1907 na Dodoma 1910, na katikati ya hapo ikapita Kilosa kando ya mto Mkondoa. Nyuma ya reli yakaja mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, ambayo baadhi ya wenye nayo walikuwa Wagiriki, na nyuma ya mashamba wakaja manamba kutoka pande zote za Tanganyika na nje ya mipaka yake. Kusini, upande wa Ruaha na Kidodi, miwa ya Kampuni ya Sukari ya Kilombero imevuta watu tangu miaka ya 1960, kuanzia wakata miwa wa nyanda za juu kusini hadi mameneja wa Ulaya na, baada ya ubinafsishaji wa 1998, wa Afrika Kusini. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa 1964, na tangu miaka ya 1970 watafiti wa kigeni wamefuatilia makundi ya nyani wa hapo vizazi kwa vizazi (vizazi vya nyani, si vya watafiti). Halafu ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa na maelfu ya Wachina kati ya 1970 na 1975 na kukutana na tawi la reli ya Kilosa pale Kidatu. Karne hii ikaja reli ya kisasa, ambayo kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi ilitia saini mkataba wa kipande chake cha Morogoro hadi Makutupora mwaka 2017 na kutoboa mahandaki katika milima ya Kilosa.

Ukiyatazama mawimbi hayo kwa pamoja utagundua jambo moja: mengi yalipangwa ili aje mfanyakazi, asije mzazi. Ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, SILABU, iliyoanzishwa 1944, ilimleta mtu kwa mkataba na kumrudisha kwao mkataba ukiisha, na wengi walikuja bila wake wala watoto. Wachina wa TAZARA waliishi kambini, wakajilimia mboga zao, na familia zao zikabaki China. Waturuki nao waliwekwa kambini. Kwa mwajiri utaratibu huu una faida zake, maana mtu asiye na mtoto haombi likizo ya kumpeleka hospitali wala hadai ada ya shule. Ila tazama kilichobaki nyuma. Wachina waliacha reli na karakana ya Mang'ula, na sifa ya uchapakazi ambayo wazee wa Kilombero wanaikumbuka hadi leo, lakini hawakuacha ukwe wala ujirani wa kutajika. Watu walioshinda pamoja juani miaka mitano waliagana bila hata kujua majina ya watoto wa wenzao.

Waliokuja na watoto nao, kwa muda mrefu, waliwalea kwa ajili ya kuondoka. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mifumo mitatu ya elimu, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, na haikuunganishwa mpaka 1962. Mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya uhuru, ilifunguliwa nje kidogo ya Iringa shule kubwa ya bweni kwa ajili ya watoto wa Kizungu, ile ya St Michael's na St George's, ambayo majengo yake leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mtoto aliyepelekwa shule kama hiyo alirudi kwa wazazi likizo kama mgeni wa wageni. Alijua Kiswahili cha kumwagiza mpishi, na pengine majina ya ndege wa porini, lakini hakuwa na mtu wa rika lake kijijini ambaye angemkumbuka. Rangi ilifutwa kwenye sheria, lakini desturi yenyewe imebaki ikiwa imevaa koti jingine: kwa familia nyingi za kigeni zinazopangiwa kazi Mikumi leo, swali la kwanza bado ni shule ya kimataifa iko wapi, na jibu ni kwamba iko mbali. Hapo mama na watoto hubaki Dar es Salaam au Iringa, na baba anakuwa mtu wa mwisho wa juma.

Mfano wa kinyume uko jirani tu, na kwa maoni yangu ndio unaofundisha zaidi. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini lililokuwa shamba la mkonge la Mazimbu, kando ya mji wa Morogoro. Shule ikaanza 1978, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Mwaka 1982 wakaongezewa ardhi Dakawa, kaskazini zaidi, barabara ya Dodoma. Mazimbu palikuwa na kituo cha kulea watoto wachanga, kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, ili mama zao waendelee na masomo. Watu hawa hawakuwa na kibali cha miezi 24 kinachoonyesha siku ya kurudi. Hawakujua watarudi lini, au kama watarudi, na mtu asiyejua atarudi lini hulazimika kuishi pale alipo. Wakaoa, wakaolewa, wakazaa na wenyeji. Walipokabidhi Mazimbu kwa Tanzania mwaka 1992 na kurejea kwao, wengine waliondoka na familia zao, wengine wakaacha wake na watoto. Baadhi ya watoto hao wamekua wakitafuta baba zao ng'ambo ya mto Limpopo, na hilo ni jeraha ambalo siwezi kulipamba. Lakini linalohusu hoja yangu ni hili: watoto wale hawakuwa yatima wa jamii. Walikuwa na nyumba, na iliyowapokea ni nyumba ya mama.

Hapa ndipo Morogoro inapotofautiana na sehemu nyingi za Tanzania. Wakaguru na Wasagara wa Kilosa, Wavidunda wa milima iliyo juu ya Kidodi, na majirani zao Waluguru, wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana kauli katika mambo mazito ya maisha yake, kuanzia jando na unyago hadi ndoa na urithi. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu ya Wakaguru mwaka 1971, alieleza kwa kirefu jinsi baba na wajomba wanavyovutana juu ya mtoto mmoja. Kwa hesabu hiyo, hata baba aliyezaliwa kijiji cha pili ni mgeni kidogo katika ukoo wa wanawe. Baba aliyetoka Ankara au Johannesburg anaingia katika kiti ambacho tayari kilikuwapo, ila yeye ametoka mbali zaidi. Mtoto hahitaji kuombewa nafasi, maana anayo tangu siku ya kuzaliwa. Sidai kwamba mila hizo ziko vilevile. Uislamu na Ukristo vimempa baba nguvu, mahakama nazo zimemwongezea, na mji wa Mikumi, uliokulia barabarani kwa malori ya Zambia, ni mchanganyiko wa makabila ambao haufuati ukoo wa mtu mmoja. Hata hivyo, bibi mzaa mama bado ndiye anayepokea mtoto wakati wazazi wamekwama, na kwa mgeni aliyeoa huko hilo ndilo linalohesabika.

Ukimgeuza mzazi, na mambo yanageuka. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa Kilosa analeta mtoto ambaye, kwa hesabu ya zamani, hana ukoo wa mama hapa. Shangazi zake ndio hujaza pengo. Mama huyo hulazimika kujenga kwa mikono yake kile ambacho mtoto wa baba mgeni hukikuta kimejengwa, na njia iliyo karibu naye ni benchi la kliniki. Mtoto anavuliwa nguo, anavishwa ule mfuko wenye matundu ya miguu, ananing'inizwa kwenye mizani mbele ya wote, na muuguzi anaweka nukta kwenye kadi. Kwao uzito wa mtoto ni siri ya daktari na mzazi. Hapa ni habari ya benchi zima, na benchi lina maoni: uji wake unautia karanga? Mbona umemvisha nguo nyepesi na asubuhi kuna baridi? Mama mgeni anaweza kuona anasimangwa. Kwa kweli anaingizwa darasani, na wanaomfundisha ni walewale watakaomkimbilia usiku mtoto akipata homa. Kilosa iko bondeni, malaria ni jambo la kila msimu wa mvua, na katika homa ya saa nane usiku jirani mwenye bodaboda ana thamani kuliko bima ya kimataifa.

Shuleni somo linaendelea. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya msingi ya serikali huambiwa alete, pamoja na sare na madaftari, fagio la chelewa na kidumu cha maji. Hakuna kinachowashangaza wazazi wa kigeni kama hilo fagio: mtoto wa miaka saba kufagia uwanja kabla ya kengele! Lakini baada ya muhula mmoja mtoto huyo anamwamkia kila mzee njiani, anajua nani ni kaka yake nani, na anarudi nyumbani na Kiswahili ambacho baba yake, kwa kozi zake zote, hatakifikia. Kuanzia hapo mamlaka ndani ya nyumba yanabadilika kidogo. Fundi akija, mtoto ndiye anayeeleza. Akija mjumbe wa nyumba kumi, mtoto ndiye anayejua ni wa nini. Wazazi wengine huona aibu kuongozwa na mtoto. Wenye busara huchukua nafasi hiyo, wakajifunza nyuma yake.

Sasa tuitazame serikali. Sheria ya Uraia ya 1995 haimbagui mtoto: akizaliwa na mzazi mmoja Mtanzania, awe baba au mama, ni Mtanzania, ingawa kama ana uraia wa pili lazima achague akifika miaka 18. Ubaguzi uko kwa wazazi. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana. Yeye hupanga foleni ya kawaida ya tajnisi: awe amekaa nchini mwaka mzima kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyoutangulia awe amekaa jumla ya miaka saba, huku akiishi kwa vibali. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24 kisha kuhuishwa, na kikikwama, baba wa watoto watatu Watanzania anakuwa na hali ileile ya kisheria aliyokuwa nayo fundi wa kambini. Kwa hiyo mama Mtanzania anaweza kumpa mtoto wake nchi, lakini hawezi kumpa mumewe. Katika wilaya ambayo wenyeji wake wa asili wanafuata ukoo wa mama, sheria hiyo inasomeka kama imeandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Hatuko peke yetu. Nchini Thailand, hasa mikoa ya kaskazini mashariki inayoitwa Isan, wanaume wengi wa Ulaya na Marekani wameoa na kulea watoto vijijini. Desturi ya huko ni mume kuhamia kwa wakwe, na mara nyingi binti ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, hivyo mkwe mgeni hupokelewa kwa njia ambayo Mkaguru angeielewa bila kutafsiriwa. Sheria yao nayo ilimfungulia mke wa kigeni mlango na kumwekea mume wa kigeni ngazi ndefu, mpaka 2008 walipolegeza baadhi ya masharti kwa waume. Bado mgeni hamiliki ardhi, na mwenye viza ya muda hutakiwa kuripoti anwani yake kila baada ya siku 90. Karibu nasi zaidi, Katiba ya Kenya ya 2010 imesema aliyefunga ndoa na raia kwa angalau miaka saba ana haki ya kuomba kuandikishwa uraia, awe mume au mke. Mipaka ya Kenya haijabomoka kwa sababu hiyo.

Zipo hoja za upinzani, na nyingine zina uzito. Inasemwa kwamba mlango ukifunguliwa kwa waume, ndoa za makaratasi zitajaa. Ndoa za makaratasi zinawezekana kwa jinsia zote mbili, na dawa yake ni muda na uchunguzi, kama miaka saba ya Kenya. Kumfungia mmoja na kumwachia mwingine hakuchunguzi chochote. Inasemwa pia kwamba ninamtaka mzazi amtoe mtoto wake kafara kwa ajili ya ujirani, maana madarasa yamejaa na viboko bado vinaruhusiwa na kanuni za elimu, ingawa kwa idadi isiyozidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule. Hilo silipuuzi. Mzazi anayekataa mwanawe achapwe hana haja ya kuomba radhi, na wazazi wengi Watanzania wako upande wake. Wala kukaa na jamii si kukubali kila kitu. Binti anaweza kualikwa kwenye unyago wa rafiki yake, na mama yake akawa na haki ya kuuliza kwanza kinachofundishwa mle ndani. Shule za binafsi za Kiingereza zipo Morogoro na kwingineko mkoani, na anayezichagua hajaikimbia jamii, alimradi mchana mtoto anarudi kucheza mtaani. Ninachopinga ni kumfungia ndani ya uzio kisha kulalamika kwamba wenyeji hawazoeleki.

Pingamizi gumu kuliko yote halitoki nje ya nchi. Wafugaji wa Kiparakuyo, ambao wengi huwaita Wakwavi, wako Kilosa tangu karne ya 19. Wamezaa hapa, watoto wao wamesoma hapa, vijiji vya Parakuyo na Twatwatwa vimesajiliwa kwa jina lao, na bado katika vinywa vya wakulima wengi ni wageni. Desemba 2000, mgogoro wa mashamba na mifugo ulifikia mauaji ya watu zaidi ya 30 pale Rudewa Mbuyuni, wengi wao wanawake na watoto wa wakulima. Mwaka 2008 damu ikamwagika tena wilayani humo. Kama watoto ndio daraja, mbona daraja hili lilivunjika? Nadhani jibu linatufundisha kitu kisichofurahisha juu ya ukarimu wetu. Mturuki, Mzungu na Mchina wanapokelewa kwa wepesi kwa sababu hawaombi shamba. Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa hiyo mtoto wa mtaalamu wa kigeni anaweza kula kwa jirani kila siku bila mtu kupiga hesabu ya ekari. Mtoto wa mfugaji anakuja na ng'ombe nyuma yake. Mapokezi ninayoyasifu ni ya kweli, ila yana sharti, na sharti lenyewe ni ardhi. Anayetaka baba wa kigeni apewe uraia lazima akubali kwamba uraia unabeba pia haki ya kuomba shamba, na kwamba siku hiyo majirani wanaweza kumtazama kwa jicho jingine. Bado nasema apewe, kwa sababu wanawe tayari wana haki hiyo kwa upande wa mama, na ukoo ulishaamua shamba lao liko wapi kabla Uhamiaji hawajafungua faili.

Huenda mjadala huu ukapitwa na wakati kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na inasimama Kilosa. Mtaalamu wa kigeni anaweza kuondoka Dar asubuhi, akakagua daraja au bwawa, akarudi jioni kula na watoto wake Masaki. Hatahitaji nyumba Kilosa, wala kambi, wala shule. Benchi la kliniki halitamwona, na mjumbe wa nyumba kumi hatakuwa na sababu ya kugonga mlango wake. Kwa mwajiri ni nafuu, na kwa familia hiyo pengine ni raha tupu. Kwa mji uliolea watu wa kila taifa tangu siku za mkonge, hii itakuwa mara ya kwanza reli kuleta wageni wasiohitaji kulala.